Ati Katuni ni za Watoto? Hebu Tuelewane Leo

Najua nimepotea. Kulikuwa na majaribio, kukawa na zile kazi za vikundi ambazo watu sita wanaandikwa majina na mmoja ndiye anayefanya (mnajijua), bumu nalo likachelewa, basi mwenzenu hamu ya kuandika ikaisha kabisa. Ila leo nimechokozwa, na mimi mnanijua, nikichokozwa siwezi kulala nalo rohoni.

Uchokozi wenyewe ni huu. Kuna usemi unazunguka hapa chuoni, nimeusikia vimbweta vyote, na wiki hii nikausikia mpaka kwa mhadhiri mmoja ninayemheshimu sana (simtaji), kwamba mwalimu mtarajiwa kusoma katuni ni sawa na mpishi wa hoteli kujipikilisha kwa vifuu. Ukumbi mzima ukacheka. Walionitazama walijua ninasemwa nani, maana mimi ndiye ninayetembea na lile tofali la The Walking Dead, na chumbani kwetu siku hizi naitwa Mama Mazombi.

Sawa. Jina nimelipokea. Lakini hoja siipokei, na leo nataka niivunje kipande kipande.

Kwa ambao hamkijui kitu chenyewe, niwape kwa kifupi. The Walking Dead ni mfululizo wa katuni wa Kimarekani ulioandikwa na Robert Kirkman na kuchapishwa na Image Comics. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2003 na la mwisho, la 193, likatoka Julai 2019. Matoleo 6 ya mwanzo yalichorwa na Tony Moore, kuanzia la 7 mpaka mwisho akachora Charlie Adlard. Yote yalitoka kwa nyeusi na nyeupe. Polisi mmoja wa Kentucky, Rick Grimes, anapigwa risasi kazini, anapoteza fahamu, anakuja kuzinduka hospitalini peke yake na kukuta dunia aliyoijua imekwisha. Wafu wanatembea na wanakula watu. Anakwenda Atlanta kumtafuta mkewe Lori na mtoto wao Carl. Basi, hapo ndipo inapoanzia. Mengine yote, miaka 16 ya mengine, ni kujibu swali moja tu: sasa tunaishije?

Hapo ndipo wanaocheka wanapokosea. Wanadhani watu wanavutwa na maiti. Jamani, kama ni maiti, mbona Kirkman hakuwahi kutueleza zilikotoka? Soma matoleo yote 193, hutaona ukurasa unaokuambia ugonjwa ulianzaje wala dawa yake ni nini. Hata neno lenyewe zombi ni nadra kulikuta mle. Mtu aliyetaka kuuza maiti asingefanya hivyo. Angekupa maabara, angekupa mwanasayansi, angekupa chupa ya dawa ya kukimbizana nayo mpaka mwisho.

Tena mwanasayansi anakupa, halafu anakunyang'anya! Anaitwa Eugene. Anajitokeza akidai anajua chanzo cha balaa zima na kwamba akifikishwa Washington ataweza kulimaliza. Watu wanamlinda njia nzima, wanahatarisha maisha yao kwa ajili yake. Kumbe muongo. Kazi yake ya zamani ilikuwa kufundisha sayansi sekondari. Mnasikia walimu watarajiwa wenzangu? Mwalimu mwenzetu yule! Aliona dunia ikiisha, akajitazama, akaamini kwamba mwalimu wa sayansi hana thamani yoyote, hakuna atakayempa chakula wala ulinzi, bora adanganye kuwa ni mtu mkubwa. Ila ukiendelea kusoma unakuta ni yeye huyo huyo anayewatengenezea risasi zinapokwisha, na ni yeye anayekaa na redio mpaka anapata sauti ya watu wa mbali ambao hakuna aliyejua wapo. Katika toleo la mwisho, baada ya miaka mingi, yumo kwenye kazi ya kujenga reli.

Sasa niambieni, ni desa gani hapa chuoni limewahi kukueleza thamani ya mwalimu namna hiyo? Nina madesa ya miaka mitatu chini ya kitanda. Nimeyasoma yote, mengine mara mbili kwa sababu ya sapu za watu niliokuwa nawafundisha. Yananiambia mwalimu ni kioo cha jamii. Sawa, kioo. Lakini hakuna hata moja lililonionyesha mwalimu aliyejidharau mpaka akatunga uongo, kisha akagundua kwamba kile alichokuwa anakijua ndicho kilichokuwa kinahitajika. Hilo nimelikuta kwenye katuni ya maiti. Mtanisamehe.

Hoja ya pili nataka niwajibu wale wanaosema hayo ni mambo ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini. Ndugu zangu, hilo neno lenyewe asili yake si ya Kizungu. Zombi limetoka Haiti, kwa watu waliochukuliwa Afrika wakafanywa watumwa kwenye mashamba ya miwa. Zombi wa Haiti hali watu. Ni mtu aliyetolewa kaburini ili akafanye kazi kwenye shamba la mwingine, hana akili yake, hana jina lake, hachoki, halipwi. Kuna mtu hapa hajawahi kusikia habari hiyo? Sisi tuna jina lake. Ni msukule! Tangu tukiwa wadogo tumetishwa na habari za misukule wanaolima usiku na kula pumba kwenye dari ya mtu. Yale magazeti ya udaku yalikuwa yanapata chakula chao humo. Mtumwa wa Haiti na bibi zetu walikuwa na hofu moja: kwamba hata kufa kusikupe mapumziko, uamshwe ukafanye kazi ya mtu.

Wamarekani walipolichukua, hasa baada ya filamu ya George Romero ya mwaka 1968, walimtoa yule mwenye shamba. Mfu wao hana bwana. Anatembea tu, anakula. Na mimi naona hapo ndipo mvuto wa Kirkman ulipo, tofauti na watu wanavyodhani. Anakupa dunia isiyo na bwana, unafurahi kidogo: hakuna kodi, hakuna bosi, hakuna ada. Halafu polepole, toleo baada ya toleo, mabwana wanarudi. Anakuja mmoja anajiita Gavana. Anakuja Negan, ambaye watu wake wanakusanya nusu ya kila kitu mnachovuna na kuokota. Na mwishoni kabisa unafika kwenye jamii inaitwa Commonwealth, watu 50,000, maduka yapo, umeme upo, ulinzi upo. Unashusha pumzi. Kumbe pale mtu anapofika anaulizwa alikuwa nani kabla ya balaa, na anapangiwa nafasi yake kwa kufuata hiyo. Aliyekuwa juu anarudi juu. Aliyekuwa akifagia anarudi kufagia, hata kama katika miaka yote ya balaa ndiye aliyeokoa wenzake.

Wadau, mimi niliposoma sehemu hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Dunia imekufa, watu wamepata nafasi ya kuanza upya, na wa kwanza kufufuka ni cheo cha baba wa mtu! Na anayemuua Rick Grimes, baada ya kunusurika na maelfu ya wafu, si mfu. Ni Sebastian, mtoto wa kiongozi wa pale, kijana aliyedekezwa, aliyeudhika kwamba hadhi yake inapotea. Sasa rudi kwenye swali letu. Hiyo ni hadithi ya maiti, au ni hadithi ya misukule na wenye mashamba? Na inamhusu Mzungu peke yake?

Hoja ya tatu ni ya adhabu. Hii naielekeza kwa washabiki wenzangu, maana nao wananiudhi vile vile. Kuna washikaji hapa wanaokipenda kitabu kwa sababu moja tu, kupondwa kwa Glenn. Toleo la 100, Julai 2012, ambalo ndilo komiki iliyouzwa kuliko nyingine zote Marekani mwaka huo. Negan anamuua Glenn kwa rungu la kuchezea besiboli lililozungushiwa seng'enge, mbele ya mkewe. Wanalitaja kama goli la fainali. Ukiwauliza Negan alifanywaje baadaye, nusu yao hawajui, maana walishakatisha kusoma.

Basi niwaambie. Vita vikielekea kwisha, Rick anamkata Negan koo. Kila msomaji anashangilia. Na papo hapo Rick anaagiza watu wake wamtibu. Anamfunga jela. Anasema wazi kwamba wanataka kuishi kwa sheria, na hawawezi kuanza sheria hiyo kwa kuua. Rick mwenyewe wakati huo mkono mmoja hana, Gavana aliukata, na mguu amevunjwa na Negan huyo huyo, atatembelea fimbo maisha yake yote. Mtu ana kila sababu ya kulipa kisasi, anachagua kulisha adui yake gerezani.

Sisi, ambao mwizi wa simu akikamatwa stendi tunakimbilia tairi na petroli, tunasema hiyo ni hadithi ya watoto? Nani mtoto hapo? Mimi nimefundishwa falsafa ya elimu muhula mzima na nikapata alama nzuri tu, lakini swali la kwa nini tusimchome mwizi sikuwahi kuulizwa na mtu kwa uzito ule. Katuni iliniuliza, tena kwa namna ambayo sikuweza kukwepa, kwa sababu na mimi nilikuwa namtaka Negan afe.

Msije mkadhani natetea kila ukurasa. Sitetei. Mateso ya Michonne mikononi mwa Gavana yalichorwa kwa urefu ambao haukuwa na haja, na kisasi chake vile vile. Na kule gerezani mwanzoni, watu walipounda kamati ya uongozi wakachagua wanaume wanne watupu. Kina dada tuliona. Haki ya Mungu tuliona. Lakini Michonne huyo huyo, aliyeingia kwenye hadithi na upanga, ukifika mwisho unamkuta ni hakimu mahakamani, maana kabla ya balaa alikuwa mwanasheria. Kitabu kilikua pamoja na watu wake. Kasoro za kitabu zijadiliwe kama tunavyojadili za riwaya yoyote, fani na maudhui, siyo kitupwe chote kwa sababu kina picha.

Na wale mnaosema mmeshaiona kwenye TV, tafadhali. Tamthilia ya AMC ilianza Oktoba 2010 ikaisha Novemba 2022, nzuri kwa sehemu yake, ila si kitu kimoja. Daryl mnayempenda hayumo kitabuni kabisa. Carl aliyekufa kwenye tamthilia, kitabuni yu hai mpaka ukurasa wa mwisho, mtu mzima, ana binti. Na kwenye katuni damu si nyekundu. Ni wino mweusi. Jicho lako likishazoea haling'ang'anii damu, linabaki kwenye nyuso. Adlard anaweza kukupa ukurasa mzima wa mtu aliyekaa tu, hasemi, na ukajua kilichomfika.

Sasa nifike kwenye kile kinachoniuma hasa, maana haya yote yangekuwa ubishi wa kimbweta tu kama yasingekuwa yanagusa watoto wa watu.

Nilipokuwa kwenye mafunzo ya kufundisha, shule siitaji, kulikuwa na kijana mmoja wa kidato cha pili ambaye insha zake zilikuwa za mistari sita. Walimu walishamwandikia kuwa ni mvivu. Siku moja mwalimu wa zamu akamkamata na daftari limejaa michoro. Nililiona kabla halijachanwa. Alikuwa amechora shule yao ile ile, majengo yale yale, baada ya maji kukatika mwaka mzima. Mji umehama. Wamebaki wanafunzi tu, na kisima kimoja nyuma ya jiko. Kurasa kama kumi na tano hivi. Ugomvi mzima wa hadithi ulikuwa nani ashike ufunguo wa kisima: kiranja mkuu, kwa kuwa alikuwa kiranja, au yule msichana aliyekichimbua upya.

Mtoto wa kidato cha pili, hajawahi kumsikia Kirkman wala Commonwealth, kafika mwenyewe kwenye swali lile lile. Daftari likachanwa mbele ya darasa. Akachapwa. Nilipomfuata baadaye kumuuliza hadithi ingeishaje, alitazama chini akasema, "Ilikuwa mchezo tu, mwalimu." Na sikumwona akichora tena kwa muda wote niliokuwa pale.

Ndiyo maana sikucheka na ukumbi. Aliyechana daftari lile hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyefundishwa mahali kama hapa, na wenzake waliocheka kama hivi. Tunalalamika kila siku kwamba vijana hawasomi. Wanasoma! Wanasoma tusichokiheshimu, na wakithubutu kuandika tunawachapa. Wazazi wetu wengi walishika mazoea ya kusoma kwa Sani, kwa vituko vya kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, na leo wao ndio wanaotuambia katuni zinaharibu akili. Kwao haikuharibu?

Sisemi The Walking Dead iingizwe kidato cha pili. Hapana, ni kitabu cha watu wazima, na atakayempa mtoto wangu nitagombana naye. Ninachosema ni kidogo sana na hakina gharama. Ukienda kufundisha, chukua ukurasa mmoja wa katuni yoyote inayofaa umri wao, ziba maneno yote, toa kopi, waambie waandike wahusika wanasema nini. Au wape picha tano wazipange wenyewe, kisha watetee mpangilio wao. Au waulize: maji yakikatika mwaka mzima hapa shuleni, nani ashike ufunguo? Halafu kaa uone kama kuna atakayeandika mistari sita. Hizo ndizo mbinu shirikishi tunazozikariri kwa ajili ya mtihani, na tunazisahau tukishashika chaki.

Na mtu akikuambia watu wanavutwa na hadithi za dunia kuisha kwa sababu wamechoka na maisha, mbishie. Mtu aliyechoka hakai miaka 16 akifuatilia watu wanaojifunza kulima, kujenga ukuta, kuendesha mahakama na kubishana juu ya kiongozi. Huko si kutamani mwisho. Ni kutamani kuulizwa maoni yako juu ya mwanzo. Sisi vijana hatuulizwi mara nyingi.

Jambo moja la mwisho, la utamu tu. Toleo la 193 lilikuja bila wasomaji kutangaziwa mapema kuwa ni la mwisho. Kirkman na wachapaji wake walikuwa wameshatangaza matoleo ya mbele, na majalada yake, ambayo hayakuwepo. Watu wakanunua kama kawaida, wakafungua, wakakuta imekwisha. Alisema kwamba katika hadithi hiyo vifo vilikuja bila kupiga hodi, basi na mwisho wake uje hivyo hivyo. Wengine walikasirika. Mimi nilipenda. Aliniheshimu kama msomaji, hakunishika mkono.

Haya, nimemaliza, roho imetulia. Wanaotaka kuazima lile tofali, foleni ina watu wanne na wa kwanza ni mmoja wa waliocheka, jina nalihifadhi. Jalada limeshaanza kuachia, tafadhali msiliwekee sufuria. Nami nina maandalio ya somo matatu hayajaguswa na saa hizi maji ya bombani ndiyo yanatoka, ngoja nikakinge.

Alamsiki.
Mama Mazombi